Pasipo kisu si pasipo hatari

Habari za chombo kinachotibu kansa ya tezi dume kwa nguvu ya sauti

Liko jambo moja ambalo wababa wa jamaa hawapendi kulitaja, hata mbele ya wake zao. Mtu aliyepita miaka hamsini anaanza kuamka usiku mara tatu, mara nne, kwenda kukojoa. Mkojo unakawia kutoka, tena unatoka kidogo kidogo. Naye husema moyoni mwake: «Ni uzee tu.» Mara nyingi asema kweli. Mara nyingine sivyo, na anapokuja hospitali ugonjwa umekwisha fika mifupani.

Siku hizi imeenea habari nyingine. Watu husimulia kwamba huko Ulaya na Marekani kuna chombo kinachoondoa kansa ya tezi dume kwa sauti, pasipo kisu, pasipo damu, wala hatari. Kisu hakitumiki, hiyo ni kweli. Na damu haimwagwi kama katika upasuaji. Lakini lile neno la mwisho, «wala hatari», tunataka kulipima leo. Maana liko jambo kubwa ndani yake: afya ya baba, amani ya ndoa, na pengine shamba ambalo watoto wanataka kuliuza ili baba apande ndege.

TEZI DUME NA MAJIRANI ZAKE

Tezi dume, ambayo kwa jina la kigeni huitwa prostati, ni kiungo kidogo cha mwanamume. Kwa kijana haizidi ukubwa wa ndimu ndogo. Inakaa chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya mwisho wa utumbo, na njia ya mkojo inapita katikati yake kama mfereji unaokata shamba. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochukua mbegu za uzazi.

Majirani zake ni wa kuogopwa. Nyuma yake, ukuta mwembamba tu waitenga na utumbo. Kando yake, kuume na kushoto, inapita mishipa ya fahamu inayotia nguvu za ndoa. Chini yake uko msuli unaofunga mkojo. Mwenye kuufahamu ujirani huu amekwisha fahamu nusu ya habari yetu. Kwa maana kila tiba ya tezi hii, iwe ya kisu, iwe ya mionzi, iwe ya sauti, yaweza kuwaumiza majirani.

Magonjwa mawili yasichanganywe. La kwanza ni kukua kwa tezi kunakowapata wazee wengi. Huko si kansa, hakusambai mwilini, ingawa kunabana njia ya mkojo. La pili ni kansa yenyewe. Inapoanza, mara nyingi haileti maumivu wala dalili yoyote. Kwa mwaka 2022 wataalamu walikadiria kwamba watu karibu 1,467,000 duniani waligunduliwa nayo, na karibu 397,000 walikufa kwa ajili yake. Katika nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ndiyo kansa inayoua wanaume kuliko kansa nyingine zote. Huko Marekani, wanaume weusi hufa nayo karibu mara mbili kuliko weupe. Basi hatuzungumzi juu ya ugonjwa wa watu wa mbali.

SAUTI INAYOUNGUZA

Wengine watashangaa: sauti yawezaje kuunguza nyama? Sikio la mtu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde. Chombo hiki hutoa mitetemo milioni 3 au 4 kwa sekunde, isiyosikika kabisa. Mama mjamzito aliyefanyiwa ekografi amekwisha pitiwa na sauti ya namna hiyo, ila ile ilikuwa dhaifu, ya kupiga picha tu. Hii ina nguvu nyingi zaidi, tena imekusanywa.

Watoto wetu wanajua mchezo wa kushika kioo cha kukuza juani na kukusanya mwanga juu ya jani kavu. Mkono ulioshika kioo hauungui, hewa iliyo katikati haishiki moto; lakini pale mwanga unapokutana, jani linatoa moshi. Ndivyo ilivyo sauti hii. Inapita ukutani mwa utumbo ikiwa bado imetawanyika, kisha inakutana ndani ya tezi, mahali pamoja padogo kama punje ya mpunga. Hapo joto linapanda kupita digrii 60, mara nyingi kufika 80 au zaidi, kwa muda wa sekunde chache. Nyama iliyo hapo inakufa. Kisha chombo kinasogea kidogo, na punje nyingine inaunguzwa, mpaka sehemu yote iliyokusudiwa imalizike.

Mgonjwa haoni lolote. Amelazwa kwa dawa ya usingizi, au amechomwa sindano ya ganzi mgongoni. Utumbo umesafishwa mbele. Mganga anaingiza chombo kinene kidogo kuliko kidole katika njia ya haja kubwa. Chombo hicho hicho chaonyesha picha ya tezi na chatuma sauti. Maji ya baridi huzunguka mbele yake ili kuulinda ukuta wa utumbo. Kazi huchukua saa moja hadi tatu. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake, wakiwa na mpira wa kutolea mkojo kwa siku kadhaa. Kipo pia chombo cha namna nyingine, kinachoingizwa katika njia ya mkojo, huku joto likipimwa kwa zile picha za sumaku ambazo waganga huziita IRM.

Basi tazameni: kisu hakuna, lakini moto upo. Na moto, hata ukiwa mikononi mwa fundi, ni moto.

KAZI HII ILIKOTOKA

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1942, mjini New York, John Lynn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha kwamba sauti iliyokusanywa yaweza kuunguza ndani ya mwili wa mnyama. Katika miaka ya 1950, ndugu wawili, William na Francis Fry, waliiendeleza kazi hiyo huko Illinois, wakitafuta kutibu magonjwa ya ubongo. Lakini macho yalikosekana: mganga hakuweza kuona vema mahali alipounguza. Ilipasa kungoja picha za ekografi na za IRM.

Kwa tezi dume, mji wa Lyon katika Ufaransa ndio uliotangulia. Mwaka 1993, katika hospitali ya Édouard Herriot, Albert Gelet na wenzake walianza kuwatibu kwa sauti watu wenye kansa ya tezi hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo wengine, hasa mjini Vienna, walijaribu sauti kwa wazee ambao tezi yao imekua tu pasipo kansa. Mwanzoni walifurahi. Lakini walipowafuata wagonjwa 80 kwa miaka 4, waliona karibu 44 katika kila 100 wamelazimika kurudi kukwanguliwa tezi kwa njia ya kawaida. Kazi hiyo ikaachwa. Hapo pana fundisho: haitoshi dawa isidhuru, sharti pia iponye, na uponyaji uonekane baada ya miaka, si baada ya wiki.

Serikali ya Marekani ilikawia kutoa ruhusa. Mwaka 2014 washauri wa FDA, ofisi inayochunguza dawa na vyombo vya waganga, hawakuridhika na ushahidi ulioletwa juu ya kansa. Mwaka 2015 FDA ilikubali chombo kiitwacho Sonablate, na baadaye mwaka ule ule kile kiitwacho Ablatherm, lakini kwa maneno yaliyopimwa: kwa kuharibu nyama ya tezi dume. Haikuandika: kwa kuponya kansa. Anayekuja na karatasi ya matangazo akisema, «Wamarekani wamekubali,» aulizwe wamekubali nini.

HATARI ZILIZO ZA KWELI

Tuziseme wazi, kwa adabu, maana aibu haijapata kumponya mtu.

Ziko hatari nyepesi zinazopita. Tezi iliyounguzwa inavimba, mkojo unazuiliwa. Ndiyo sababu ya ule mpira. Kwa wiki kadhaa mkojo waweza kuchoma na kutoka pamoja na damu kidogo au vipande vya nyama iliyokufa. Wadudu wa ugonjwa huweza kuingia katika mkojo au kuvimbisha kokwa. Hayo hutibiwa kwa dawa, mradi mgonjwa asikawie kusema. Homa baada ya tiba hii si ya kungojewa nyumbani.

Ziko hatari za katikati. Kovu laweza kuibana njia ya mkojo, hata mtu arudi hospitali kupanuliwa. Nguvu za ndoa zaweza kupungua, kwa muda au kwa siku zote. Majimaji ya uzazi huweza kupungua sana au kukoma. Anayetumaini bado kupata mtoto aseme mapema. Wachache huvuja mkojo.

Iko hatari moja nzito: tundu kati ya utumbo na njia ya mkojo. Hapo mkojo unapita mahali pasipo pake, na kuliziba tundu kwataka upasuaji mgumu. Hatari hii ilionekana zaidi zamani. Vyombo vya sasa na maji ya baridi vimeipunguza sana, hata imekuwa nadra. Lakini inaongezeka kwa mtu aliyekwisha tibiwa kwa mionzi, na kwa yule anayeunguzwa mara ya pili mahali pale pale.

Tena, kuunguza tezi nzima na kuunguza sehemu yenye kansa peke yake si jambo moja. Anayeunguza sehemu huwaacha majirani wa upande wa pili salama. Kwa hiyo mkojo na ndoa havisumbuki sana. Lakini sehemu iliyoachwa ni tezi ileile, na kansa yaweza kuota humo baadaye.

HESABU ZA WALIOTIBIWA

Huko Uingereza waganga waliandika habari za wanaume 625 waliounguzwa sehemu tu ya tezi. Baada ya miaka 5, wapata 88 katika 100 walikuwa hawajahitaji tiba nyingine kubwa, wala kansa haikuwa imesambaa. Katika wale walioulizwa juu ya mkojo, 98 katika 100 hawakuhitaji kuvaa kitambaa cha kuuzuia. Katika daftari kubwa zaidi la nchi hiyo, lenye wanaume 1,379, madhara mazito yaliyotaka mkono wa mganga tena yaliwapata 7 tu. Hesabu hizi ni nzuri, nasi hatuna haja ya kuzificha.

Lakini daftari lile lile lasema kwamba ilipofika miaka 7, waliosalia pasipo kuhitaji tiba nyingine kubwa walikuwa 69 katika 100. Maana yake, karibu watu watatu katika kumi walirudi.  Lakini waliporudiwa na ugonjwa, mlango wa kisu na wa mionzi ulikuwa bado wazi mbele yao.

Wafaransa nao, kuanzia mwaka 2015, walilinganisha katika hospitali 46 wanaume 3,328, wengine wakitibiwa kwa sauti na wengine kwa kuondolewa tezi yote. Baada ya miezi 30, wasiohitaji tiba ya nyongeza walikuwa karibu 90 katika 100 upande wa sauti, na 86 upande wa kisu. Mkojo na nguvu za ndoa havikuharibika sana kwa wale wa sauti kama kwa wale wa kisu. Hata hivyo wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na miezi 30 ni kipindi kifupi kwa kansa inayokwenda polepole kama hii. Kwa sababu hiyo chama cha waganga wa mkojo wa Ulaya hushauri tiba ya sehemu ya tezi itolewe pale tu ambapo habari za kila mgonjwa zinaandikwa na kufuatwa.

Tusisahau hesabu moja zaidi. Waingereza waliwafuata kwa miaka 15 wanaume 1,643 ambao kansa yao ilionekana mapema. Wengine walipasuliwa, wengine walipewa mionzi, wengine waliangaliwa tu kwa vipimo. Katika wote, waliokufa kwa kansa hiyo walikuwa 45, yaani chini ya 3 katika 100, na makundi matatu hayakutofautiana sana. Basi kwa wengine usalama mkubwa zaidi ni kupimwa na kungoja, pasipo kisu wala moto.

NANI ANAFAA, NANI HAFAI

Anayefaa ni yule ambaye kansa yake ni ndogo, ingali ndani ya tezi, na imeonekana wazi kwa IRM na kwa vipande vya nyama vilivyochunguzwa. Sauti haimfai yule ambaye kansa imekwisha toka na kufika mifupani. Huyo anahitaji dawa zinazopita mwilini mwote. Haimfai vema mwenye tezi kubwa mno, kwa maana sauti haifiki upande wa mbele. Haimfai mwenye vijiwe vingi ndani ya tezi, kwa sababu vijiwe hurudisha sauti na kuipoteza njia. Wala haimfai aliyepasuliwa utumbo wa mwisho hata chombo kisiweze kuingia.

Hapa ndipo tunapoona uchungu wa jambo hili kwetu. Tiba ya sauti ni ya mtu aliyekuja mapema. Wababa wetu wengi huja wamechelewa. Kumchukua baba mwenye kansa ya mifupani na kumpeleka ng'ambo kwa ajili ya sauti ni kununua kitu kisichomfaa, hata kama kingekuwa salama kuliko vyote.

FUNDISHO LA KANISA

Kanisa halikunyamaza juu ya mambo haya. Tarehe 8 Oktoba 1953, Baba Mtakatifu Pio XII alizungumza na waganga wa mkojo wa Italia. Walimwuliza kama ni halali kuondoa kiungo kizima ili kuzuia ugonjwa ulio mahali pengine mwilini, kama vile kansa. Swali hilo lilikuwa la lazima, kwa maana tangu mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alikuwa ameonyesha kwamba kansa ya tezi dume yapungua ikinyimwa nguvu zitokazo katika kokwa.

Baba Mtakatifu alitoa masharti matatu. Kwanza, kiungo au kazi yake iwe inaleta hatari kubwa kwa mwili mzima. Pili, hatari hiyo isiweze kuondolewa wala kupunguzwa kwa njia nyepesi zaidi, na tiba yenyewe iwe na tumaini lililo imara. Tatu, faida inayotazamiwa ipite hasara. Alisema hayo juu ya kisu, lakini mtu mwenye akili aweza kuyashika kama mizani mbele ya sauti nayo. Je, kansa hii yatishia kweli? Je, haitoshi kuangalia tu? Je, faida yapita hasara kwa mtu huyu, mwenye umri huu na ndoa hii?

Tena tarehe 24 Novemba 1957, Baba Mtakatifu huyo alifundisha kwamba yatupasa kutunza uhai kwa njia za kawaida, na kwamba hatulazimishwi kutumia njia zinazoleta mzigo mzito mno kwetu au kwa wengine. Baba asiyeweza kwenda ng'ambo kwa sababu watoto wangebaki pasipo shamba wala shule hajatenda dhambi. Wala watoto wake hawajamtupa.

MASHAURI KWA JAMAA

Mwanamume aliyefikia miaka 45, hasa kama baba yake au ndugu yake alipatwa na kansa hii, amwendee mganga wa hospitali na kuuliza juu ya kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kipimo kikiwa juu, asikate tamaa: uvimbe wa kawaida na ugonjwa wa mkojo huweza kukipandisha pia. Kansa huthibitishwa kwa kuchunguza vipande vya nyama, si kwa damu peke yake.

Anayetajiwa tiba ya sauti aulize maneno haya, tena aombe majibu kwa maandishi: Kansa yangu iko wapi, na imethibitishwaje? Mtaunguza tezi nzima au sehemu? Mganga huyu amekwisha tibu watu wangapi, na wangapi walivuja mkojo au walipoteza nguvu? Nikirudiwa, nitapewa nini? Na nikirudi Kongo, nani atanipima PSA kila miezi, na IRM mwakani? Tiba hii haimaliziki siku ya kutoka hospitali. Anayeipata mbali na kurudi mahali ambapo hakuna wa kumfuata amepata nusu ya tiba.

Anayesema, «Hakuna hatari yoyote,» kisha akaomba fedha mbele, huyo ni mchuuzi. Mganga wa kweli hutaja hatari kabla hajaulizwa.

Nanyi wamama, msingoje mume aseme. Ninyi ndio mnaosikia mlango ukifunguliwa usiku mara ya tatu na ya nne. Mzungumze naye kwa upole na kumsindikiza hospitali. Sauti yenye kuponya yaweza kuwa mbali na nchi yetu, tena si ya kila mgonjwa. Neno la mke linalomtoa mume nyumbani wakati kansa ingali ndogo liko karibu, wala halina gharama.